Maji ya Pasaka ya Mwaka Jana

Tabora, 5 Machi 2024

Kwa Baba yangu Reveriani,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa mwili, maana wa moyo sithubutu kuuliza. Mimi ni mzima, nakula, usingizi ndio unaonikataa. Uwesu, dereva wa lori la duka la Bwana Irfan, ndiye atakayekukabidhi. Ameniambia polisi wamechukua simu zote za pale nyumbani kwa ajili ya ushahidi, yako na ya Aleksi, basi tumerudi kwenye enzi za bahasha. Najua hujaumia sana. Simu ulikuwa unaishika kama mtu aliyeokota nyoka.

Baba, Ezekia nimemwona. Nilikuwa natoka maabara kwenda mapokezi wakati gari linamshusha, na sikumtambua. Niliyemtambua ni mama yake, mkwe wetu Nibizi. Alikuwa anakimbia kando ya machela, ameweka kanga juu ya tumbo la mwanawe na kuikandamiza kwa viganja vyote viwili ili yaliyomo yasitoke. Pigo la kwanza la panga limepasua bega hadi mfupa ukaonekana mweupe. La pili limefungua tumbo. Watu wanasema Aleksi alimkata la pili akiwa ameshaanguka. Mimi ni dada yake na naamini. Tangu utotoni Aleksi akianza kupiga haachi mpaka avutwe.

Na Ezekia alikosa nini? Alikwenda kumchukua dada yake Levina kwa sababu Aleksi, mumewe, amempiga mpaka uso umevimba. Kaka gani asingekwenda.

Madaktari wamemshona, wamemlaza chumba cha mahututi, na mashine ndiyo inayompumulia. Sasa kinachoweza kumuua si majeraha, ni vijidudu vilivyoingia kwenye damu kutoka kwenye utumbo uliokatwa. Hapo ndipo inapoingia kazi yangu, ile uliyokuwa ukiicheka kwamba nimesomeshwa ili nikae na mikojo ya watu. Kila asubuhi inaletwa damu yake. Unaijua mbegu ya tumbaku ilivyo, vumbi tupu, hata ukimwagikiwa nayo kiganjani huwezi kuitenga moja. Kijidudu ni kidogo kuliko hiyo mara nyingi sana. Mashine yetu inatafuta vinasaba vyake, yaani ile alama anayozaliwa nayo kila kiumbe, inavizidisha na kuvizidisha mpaka vionekane, halafu inatuambia ni ukoo gani wa kijidudu na dawa gani kimeshaizoea. Zamani tulikuwa tunakiotesha kwenye sahani na kungoja, na wagonjwa wengine walikuwa hawangoji.

Nilimwambia Daktari Urvi, mkuu wetu wa maabara, kwamba aliyemkata mgonjwa ni kaka yangu. Alinitazama kwa muda. Akasema wanaojua kuendesha mashine hii hapa ni mimi na yeye tu, kwa hiyo nitaendelea, lakini kila jibu atalisaini na yeye.

Ezekia akipona, Aleksi atafungwa na siku moja atatoka. Akifa, ni kesi ya kuua. Na kaka zake Ezekia hawatangoja hakimu. Omba, Baba. Hata mimi naomba, na unajua nilivyo mvivu wa kuomba.

Binti yako,
Niyokwizera


Ulyankulu, 9 Machi 2024

Binti yangu Niyo,

Marahaba mwanangu, marahaba tena. Nimefurahi kuona mwandiko wako, haujabadilika, bado unaandika kama kuku anayeparua. Hapa tunashukuru Mungu. Mvua zipo. Mgongo unauma, lakini safari hii una sababu.

Kaka zake Ezekia walikuja, wale wawili wakubwa, pamoja na vijana wengine waliojifunga vitambaa usoni kana kwamba sikuwabatizia wadogo zao nikiwa katekista. Bani la kukaushia tumbaku lilikuwa limejaa, majani yameiva rangi yake. Walinitoa nje, wakanikalisha kwenye tope, wakalitia moto, wakaniambia nitazame. Tumbaku kavu haina subira, Niyo. Paa lilianguka kabla sijamaliza Baba Yetu. Nilipojaribu kusimama walinipiga mgongoni kwa mpini wa jembe langu mwenyewe. Halafu wakaenda zizini. Yule ng'ombe mwekundu walimkata mishipa ya miguu ya nyuma, akawa anajikokota uani analia, anazunguka nyumba, mpaka nilipopata nguvu ya kumchinja. Nilimchinja nikiwa nalia na sioni haya kukwambia.

Kabla hawajaondoka, mkubwa wao aliniwekea panga shingoni, upande ulio butu. Akasema, "Mzee, Ezekia akifa tutageuza upande." Akaniaga kwa heshima, mkwe kwa mkwe.

Kwa hiyo ninapokuuliza habari za Ezekia, usidhani ni umbea wa mzee. Levina yuko kwa mama yake na mtoto. Aleksi yuko mahabusu Kaliua, nilimpelekea chakula, hakuniangalia machoni. Nimebaki peke yangu na ng'ombe wawili na majivu.

Chupa ya maji ya Pasaka ya mwaka jana, yale ya baraka, bado ipo pale chini ya msalaba. Nimenyunyiza kila kona ya boma. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ukashikwa degedege, macho yamegeuka meupe, nikakutia maji yale mdomoni ukazinduka? Ninyi watu wa maabara mtasema ni sindano ya zahanati. Haya, semeni. Mimi niliyekubeba najua nilichokiona. Niambie kama Ezekia anaweza kunywa. Na niambie dawa zinamfikiaje mtu ambaye amelala hajitambui, nataka nijue ninapoomba niombe nini.

Baba yako,
Reveriani


Tabora, 13 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na bani, pole na mgongo, pole na yule mwekundu. Nilisoma barua yako chooni, mahali pekee hapa hospitali ambapo mtu akilia hakuna anayemuuliza. Sasa nimenawa uso na nina habari nzuri kidogo.

Kijidudu kilichomo kwenye damu ya Ezekia tumekijua. Dawa waliyoanza nayo ilikuwa haikiwezi kabisa, kimeshaizoea. Jibu la mashine lilipotoka, daktari wake alibadilisha dawa siku ileile, na tangu hapo kila damu inayokuja vinasaba vyake ni vichache kuliko vya jana yake. Homa imeshuka. Usije ukaanza kupiga ngoma, lakini kama ingekuwa shamba ningesema magugu yanakauka. Kuna kitu kimoja mashine haikijui: kijidudu kilicho hai na mzoga wake, kwake ni sawa. Kwa hiyo hata mtu akiwa anapona, inaweza kuendelea kusema "vipo" kwa siku kadhaa, kumbe inahesabu maiti. Tunatazama mwelekeo.

Kunywa hawezi, Baba. Mdomoni kuna mrija mnene wa mashine ya kupumulia, umefungwa kwa plasta, hata tone haliruhusiwi. Dawa zote zinapitia mrija mwingine mwembamba ulio shingoni. Umeingia kwenye mshipa mkubwa na ncha yake iko karibu kabisa na moyo. Nje una vidomo vidogo vyenye vifuniko, nesi anachomeka bomba la sindano pale, anasukuma, na kinachosukumwa kinafika moyoni kabla hajavuta pumzi. Kwa hiyo omba mrija ule uwe salama. Huo ndio mlango wake kwa sasa.

Naomba usije. Kaka zake wamepiga kambi langoni, wanalala kwenye mikeka pale kwenye vibanda vya wauza uji. Jana mmoja alinitemea mate nilipokuwa naingia kazini. Wanasema binti wa Reveriani ndiye anayemnyonya kaka yao damu kila asubuhi ili kumalizia kazi. Sista Josepha, nesi wa kule mahututi, alijaribu kuwaeleza. Walimjibu kwamba damu haichotwi kila siku kama maji ya kisima.

Kula vizuri. Usilale na mlango wazi.

Mwanao,
Niyo


Tabora, 20 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Nilikukataza kuja, ukaja. Nilikasirika kidogo nikafurahi sana. Nasikia Mkwe Nibizi mwenyewe ndiye aliyewaambia walinzi wakuruhusu uingie, akawaambia wanawe wakae pembeni kwa sababu mtu anayekuja kuomba hafukuzwi. Sista Josepha anasema ulipiga magoti kando ya kitanda ukiwa na rozari, akaona vibaya kukusimamia, akaenda kumhudumia mgonjwa mwingine.

Nisamehe mwandiko. Mkono wangu wa kulia umefungwa, naandika kwa wa kushoto.

Kesho yake baada ya wewe kuondoka, Ezekia alianza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Homa ilipanda, presha ikaanguka. Damu ilipoletwa nilidhani mashine imeharibika. Si kile kijidudu tulichokuwa tunakifukuza. Ni kundi, koo nyingi kwa mpigo, na zote ni za majimaji yaliyotuama, zile zinazokaa kwenye madimbwi na mapipa. Nilirudia kipimo. Jibu lilikuwa lilelile. Daktari Urvi alilisoma, akaketi, akasema, "Hivi havikuja vyenyewe. Kuna mtu ameviingiza kwenye mrija."

Wa kwanza kutazamwa ni nani, kama si dada wa aliyemkata? Nimesimamishwa, siruhusiwi kuingia maabara. Uongozi ulinihoji, halafu polisi. Nilijibu yote na nadhani walikuwa wananielewa, lakini habari zilitoka nje kabla yangu.

Kaka zake walinikamata langoni. Mmoja alishika kamba ya kitambulisho changu akaizungusha mkononi mpaka nikaona giza. Waliniangusha. Waliniuliza nimemtilia nini kaka yao, na kila nilipofungua mdomo kujibu nilipigwa teke la mdomo, kwa hiyo sikujibu. Jino moja sijui liko wapi. Mkubwa wao aliukanyaga mkono wangu, huu ninaofanyia kazi, akageuza kisigino kama mtu anayezima sigara. Vidole viwili vimevunjika. Mama mmoja muuza uji aliwamwagia uji wa moto ndipo wakaniachia. Wameapa kwamba Ezekia akifa watanifuata hata nikijificha kanisani.

Baba, wewe ulikaa naye. Jaribu kukumbuka. Ulimwona mtu yeyote akiugusa ule mrija wa shingoni? Nesi mgeni, mfagiaji, mtu yeyote? Neno lako linaweza kuniokoa. Ezekia anazama, na madaktari hawajui ni uchafu wa wapi wanaopigana nao.

Mwanao,
Niyo


Ulyankulu, 20 Machi 2024

Binti yangu Niyo,

Marahaba, ingawa hujaniamkia bado, najua barua yako iko njiani kama ilivyo yangu. Nilifika salama. Uwesu aliniketisha mbele, tukanunua asali ya Sikonge njiani, nitakuwekea chupa moja. Mwili ni mzima na safari hii hata moyo. Nimelala usingizi kama mtoto.

Nataka nikwambie jambo, nilikaa nalo kimya kule hospitali kwa sababu ninyi wasomi mngenicheka. Nilikwenda na maji ya Pasaka. Nilijua kunywa hawezi, uliniandikia. Lakini uliniandikia pia kwamba mlango wake kwa sasa ni shingoni, na kinachopita pale kinafika moyoni. Nikajiuliza usiku na mchana, kama dawa za binadamu zinapita mlango huo, kwa nini baraka ya Mungu ibaki nje?

Usiogope, sikufanya ovyo. Nimechanja ng'ombe tangu kabla hujazaliwa. Nilipita duka la dawa za mifugo pale mjini nikanunua bomba jipya la sindano, likiwa bado kwenye nailoni yake. Maji niliyachuja kwa leso safi, ile ya mama yako, Mungu amrehemu. Nilimwona Sista jinsi anavyofungua kile kifuniko na kusukuma, si kazi ngumu. Alipogeuka nikasali Salamu Maria, nikasukuma polepole, bomba lote. Nikafunga kifuniko vizuri. Nikamwambia Ezekia sikioni, "Mwanangu, mimi ni baba wa aliyekukata, na hiki ndicho nilicho nacho." Nakuapia, kope zake zilicheza.

Mkwe Nibizi aliporudi nilikuta machoni pake huruma ambayo sikustahili. Tulishikana mikono. Niyo, nadhani tumepona. Niandikie upesi uniambie amezinduka.

Baba yako,
Reveriani


Tabora, 23 Machi 2024

Baba,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa sakafuni.

Yale maji ndiyo yaliyomo kwenye damu yake. Yale unayoyafurahia. Maji yaliyokaa mwaka mzima kwenye chupa ya plastiki, kwenye joto, chini ya msalaba. Baraka zake sizibishii. Nabishia maji. Ungemnywesha, tumbo lingeua nusu ya uchafu ule na mwili ungepigana na nusu. Wewe uliupitisha wote mlango wa ndani kabisa, ukaufikisha moyoni kwa mtu ambaye hana nguvu hata ya kukohoa. Leso haichuji kijidudu. Leso ya mama haichuji kijidudu, Baba.

Na mlango nilikuonyesha mimi. Nilijiona mwalimu hodari.

Sikukaa nayo. Nilimpelekea Daktari Urvi barua yako kabla machozi hayajakauka, maana madaktari walikuwa wanapigana gizani. Imesaidia. Ule mrija umetolewa shingoni siku hiyohiyo na kutupwa, umewekwa mwingine mahali pengine, dawa zimebadilishwa kulingana na koo zile. Kwa hiyo barua iliyokushtaki huenda ndiyo itakayomwokoa. Sasa iko polisi. Watawatuma wenzao wa Kaliua wakuchukue. Nimefanya hivyo kwa mkono wangu, wa kushoto, na ningefanya tena.

Nina hasira nawe ambayo sijui niiweke wapi. Tenda wema nenda zako, wanasema. Ulitenda, ukaenda zako, ukalala usingizi kama mtoto, na mimi nikavunjwa vidole.

Sikiliza sasa, na mara hii tafadhali utii. Kaa nyumbani. Polisi wakija nenda nao, ukiwa kwao uko salama. Usiende kwa Mkwe Nibizi. Usiende kueleza, usiende kuomba radhi, usiende kusali. Wanawe wamerudi huko kuchukua nguo na watu zaidi. Ezekia bado hajazinduka na bado anaweza kufa. Ukiingia kwenye ua ule leo, hutatoka.

Niyo


Ulyankulu, 26 Machi 2024

Binti yangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimekuitikia hivyohivyo. Marahaba.

Nimeisoma, nikaifunga, nikaisoma tena. Chupa nimeimwaga kwenye majivu ya bani. Sikujua kwamba kitu kinaweza kuwa kitakatifu na kichafu kwa wakati mmoja. Katekista wa miaka mingi, hilo sikufundishwa wala sikufundisha mtu.

Ulifanya vizuri kuipeleka barua. Usiumie. Ningekulea vibaya kama ungeificha.

Lakini la kukaa nyumbani, hapana. Uwesu ameniambia kaka zake Ezekia wanakodi pikipiki, Ijumaa Kuu wanakuja Tabora, na wanakuja kwa ajili yako. Bado wanaamini ni wewe. Polisi wa Kaliua wanaweza kufika leo, wanaweza kufika wiki ijayo, barabara unaijua wakati wa mvua. Walikuvunja vidole kwa kazi ya mkono wangu. Mzazi akae nyumbani anywe uji, amngoje polisi, huku mwanawe anakwenda kuchinjwa kwa kosa lake? Hata yule ng'ombe mwekundu alikuwa anasimama kati ya fisi na ndama.

Kesho kutwa, Alhamisi Kuu, nitakwenda kwa mkwe. Nitavua kofia, nitasimama uani, nitasema ni mimi, na nitaonyesha ulikuwa mkono upi. Wakishajua hawatakuwa na haja na wewe.

Ng'ombe wawili nimemwachia jirani. Asali yako iko kwa Uwesu. Mtoto wa Aleksi akikua mwambieni babu yake alikuwa mjinga, lakini hakuwa mwoga.

Baba yako


Tabora, 6 Aprili 2024

Kwa Baba yangu Reveriani,

Shikamoo Baba.

Barua hii haina safari ndefu. Nimeiandika nikiwa kwenye kiti kando ya kitanda chako, na nitaiweka chini ya mto. Sijambo huwezi kusema, nami sina haja ya kuuliza hali yako, ninaisoma kila asubuhi kwenye karatasi.

Yaliyotokea nayajua kutoka kwa Mkwe Nibizi na kwa Uwesu. Uliingia uani umeshika kofia. Ulisema yote tangu chupa mpaka bomba, hukuruka neno. Mkubwa wao aliuliza mkono upi, ukaunyoosha. Waligeuza kinu juu chini wakauweka pale. Panga lilikuwa butu, Baba, na walirudia, na walirudia. Nibizi, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa siku mbili tu, alikuwa amekwenda kuchota maji. Alitupa ndoo akaja kukulalia mwili mzima, na pigo moja limempata yeye mgongoni, kutoka kwa mtoto aliyemzaa. Akaufunga mkono wako kwa kanga yake, ileile aliyokandamizia tumbo la Ezekia. Alikuwa ameshaifua. Uwesu aliwabeba wote wawili kwenye lori juu ya magunia ya chumvi, na polisi walikutana nanyi njiani, wao ndio kwanza wanakwenda. Wana wawili wa Nibizi wako mahabusu kule alipo Aleksi. Sijui wanazungumza nini.

Ijumaa Kuu hakuna aliyekuja kunitafuta. Ulipata ulichokwenda kukitafuta.

Nimerudishwa kazini. Vidole bado vimefungwa, kwa hiyo Daktari Urvi ndiye anayeshika vichupa na mimi nabonyeza vitufe. Damu yako ilipoletwa mara ya kwanza, kichupa kina jina letu, alinitazama kama siku ile ya kwanza. Nilimwambia tusaini wote wawili. Kidonda kimeoza na vijidudu vimeingia kwenye damu. Figo zimechoka. Mashine inakupumulia, na shingoni una mrija, na hakuna anayeruhusiwa kuukaribia isipokuwa Sista Josepha, ambaye sasa anamchunga kila mwenye rozari kama mwizi. Jibu la leo linasema bado vipo. Ni vichache kidogo kuliko jana, na mashine, kama nilivyokwambia, haijui mzima na mzoga. Sitakudanganya kwamba ni habari nzuri. Kesho tutachota tena.

Damu ya Ezekia ni safi. Ilianza kusafishika siku chache baada ya mrija ule kutolewa, na Jumatatu ya Pasaka wakamtoa mashine. Sauti imekwaruza kama debe tupu, na kitu cha kwanza alichoomba ni maji. Tulitazamana wote mle ndani. Nibizi alimpa kwa kijiko. Amelazwa kitanda cha pili kutoka kwako na ameshasimuliwa yote, la kaka yangu, la kwako, la kaka zake. Alitazama ukuta siku nzima. Jioni akauliza kama ni kweli ulimwambia kitu sikioni, kwa sababu alidhani aliota.

Jana Nibizi alikuja na chupa. Maji ya Pasaka, ya mwaka huu, ya wiki hii. Alinawa mikono kwa sabuni bila kuambiwa, akanifuata mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, wapi panaruhusiwa?" Nikamwambia paji la uso tu. Akachovya kidole kimoja akakuchora msalaba pale, akafuta tone lililokuwa linashuka shingoni kabla halijafika kwenye plasta. Nilimshukuru nikatoka nje, maana hasira yangu kwako haijaisha, na sikutaka aione ikiwa imechanganyika na hayo mengine.

Kila asubuhi nikiingia nakuamkia kwanza, ndipo nachukua kichupa. Shikamoo Baba. Mashine inajibu kwa kupumua. Leo Ezekia alinyanyua kichwa kidogo kitandani kwake, akasema kwa ile sauti yake ya debe, "Marahaba. Namwitikia mzee mpaka atakapoweza." Nilimgombeza. Nilimwambia hiyo si kazi yake.

Amka uitikie mwenyewe.

Mwanao,
Niyo